Pua ya Glenda Beal

Kwa miaka ishirini na sita Glenda Beal alikula mkate wa kambakoche, yaani mkate uliojazwa nyama yake, kila siku ya kazi, saa nane na nusu mchana, kwenye kiti cha mwisho cha kaunta ya duka la Marcotte mjini Portland, na hakuwahi kuuchoka. Wenzake wa kazi pale dukani walikuja, wakala kwa wiki mbili tatu, kisha wakaanza kubeba chakula chao kutoka nyumbani, wakisema wakiuona tena mkia wa kambakoche watatapika. Yeye, la. Alizaliwa kisiwani, huko juu kwenye pwani ya jimbo la Maine, Marekani, katika nyumba ambayo mitego ya kambakoche ilipangwa hadi mlango wa jikoni, na alikula kambakoche kabla hajaota magego.

Sasa ilikuwa Juni. Aliuma mkate wake, akatafuna, akasimamisha taya. Akatafuna tena. Kilichokuwa kinywani kilikuwa laini, cha moto kidogo, chenye chumvi. Basi. Ungemwambia ni sponji ya kuoshea vyombo iliyochovywa kwenye maji ya bahari, asingekuwa na cha kubisha.

"Unakula kama mtu anayetafuta mwiba," alisema Phil Marcotte, mwenye kaunta, akipita na beseni la barafu.

"Nakula. Kwani ni kosa?"

"Sijasema ni kosa."

"Basi niache."

Phil aliinua nyusi, akaenda zake. Alikuwa na miaka arobaini na minne na alimjua Glenda tangu alipokuwa kijana wa shule, kwa hiyo alijua wakati wa kunyamaza. Asichokijua ni kwamba huo ulikuwa mwezi wa nne Glenda hasikii harufu ya kitu chochote duniani.

Mafua yalimlaza mwezi wa Februari. Homa iliposhuka aliamka, akachemsha kahawa, akaionja, akadhani imekaa mno kabatini. Akaimwaga. Akafungua kopo jipya, nalo bure. Ndipo akaanza kuzunguka nyumba akifungua kila kitu: siki, vitunguu, rangi ya viatu, dumu la mafuta ya taa lililokuwa barazani. Aliinamia lile dumu mpaka macho yakamtoka machozi. Macho yalisikia, pua haikusikia.

Daktari alimwambia kirusi kimeunguza mishipa ya kunusia. Huenda harufu ikarudi baada ya miezi, huenda baada ya miaka miwili, huenda isirudi. Akampa vichupa vinne: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Anuse kimoja kimoja asubuhi na jioni, huku akiikumbuka harufu yake.

"Niikumbuke?" aliuliza Glenda. "Yaani nikae na chupa nijidanganye?"

"Si kujidanganya, mama. Ni mazoezi."

"Waridi sikulijua hata nilipokuwa na pua."

Hata hivyo alifanya. Kila asubuhi aliketi kitandani, akafumba macho, akavuta pumzi, akawaza limau kwa nguvu zake zote, na ikaingia kifuani hewa ya chumba tu. Siku nyingine alikirusha kichupa ukutani. Vilikuwa vigumu vile vichupa, havikuvunjika, na hilo nalo lilimuudhi.

Alipompigia simu dada yake Noreen, aliyebaki kisiwani, Noreen alimwambia, "Angalau si kansa."

"Najua si kansa."

"Na utapungua mwili. Mtu asiyesikia ladha atakula nini?"

"Noreen."

"Nakufariji tu."

"Usinifariji."

Kwa kweli hakupungua. Aliongezeka, kwa sababu alikula akitafuta. Ulimi ulikuwa bado unajua chumvi, sukari, uchachu na uchungu, lakini vile vitu vinne peke yake vilikuwa kama mifupa ya nyumba isiyo na kuta. Alipakua, akala, akapakua tena, akidhani labda tonge linalofuata ndilo litakalokuwa na kitu ndani yake.

Kazini hakumwambia mtu. Si kwa sababu Phil ni mkali. Ni kwa sababu pale Marcotte Glenda alikuwa pua kwanza, mtu baadaye. Aliajiriwa kwa pua. Siku ile ya kwanza alikuwa mteja tu, amekaa kwenye kaunta anasubiri chakula, msambazaji akaingia na kreti la kambakoche hai, akapita nyuma yake. Glenda aligeuza kichwa akasema, "Watatu humo wamekufa tangu jana." Mzee Marcotte, baba yake Phil, alilimwaga kreti sakafuni pale pale. Wakatoka watatu wamelegea, mikia imenyooka. Mzee akamtazama yule mwanamke, akamuuliza, "Unaanza lini?" Tangu hapo likawa neno la dukani: ukiwa na shaka, mpe Glenda anuse. Kambakoche akishakufa nyama yake huharibika upesi, na duka la viti kumi na kimoja haliwezi kumuumiza mteja tumbo hata mara moja.

Na siagi ilikuwa yake. Marcotte waliuza mkate wa namna mbili, wa baridi wenye mayonezi na wa moto wenye siagi, lakini watu walipanga foleni hadi kwenye gati kwa ajili ya ule wa moto. Glenda aliiyeyusha siagi kwenye sufuria pana, akaisubiri mpaka inukie kama njugu zinazokaangwa, akaiondoa motoni wakati huo huo, si kabla wala baada. Wengi walikuwa wamejaribu. Wote waliiwahisha au waliichelewesha.

Sasa aliitazama rangi yake, na taa ya jikoni ilikuwa ya manjano, kila kitu chini yake kilikuwa rangi ya siagi. Alinunua saa ndogo ya kuhesabia dakika, akaificha mfukoni mwa aproni. Lakini moto wa gesi haulingani siku zote, na saa haijui hilo.

Kilichomtesa zaidi ni wateja. Majira ya joto Portland hujaa wageni, na mgeni akiketi kwenye kaunta lazima aulize.

"Samahani, upi mtamu zaidi, wa siagi au wa mayonezi?" aliuliza siku moja mama mmoja aliyevaa kofia pana.

"Yote mizuri."

"Wewe mwenyewe unakula upi?"

"Wa siagi."

"Hebu nieleze, una ladha gani? Maana sijawahi kula kambakoche maishani."

Glenda alishika kijiko. Watu wanne nyuma ya yule mama walikuwa wakisubiri. Alifungua mdomo, akatafuta neno, na alipolitafuta akagundua kwamba hata kumbukumbu ilikuwa imeanza kufifia, kama picha iliyoachwa dirishani juani.

"Una ladha ya kambakoche," alisema.

"Ndiyo, lakini…"

"Mama, utaula au nikuandikie barua?"

Yule mama akacheka kwa aibu, akaagiza. Phil alikuwa amesikia. Jioni alimwambia Glenda, "Wageni ndio wanaotulisha, dada." Glenda akasema anajua, akavua aproni, akatoka bila kuaga.

Royce Alley ndiye aliyeanza kunusa ukweli, kama msemo huo unafaa hapa. Alikuwa na miaka sabini na saba, fundi mstaafu wa injini za boti, mwenyeji wa kisiwa kile kile cha kina Beal, na kila Jumanne aliketi kiti cha tatu kutoka mlangoni. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikula mkate wake kwa mpangilio: kwanza alitoa gando kwa uma akalila peke yake, kisha akala nyama iliyobaki, mwisho akala mkate uliolowa siagi, na katikati ya shughuli hiyo hakutaka kusemeshwa.

Jumanne moja mwishoni mwa Juni aliweka uma chini.

"Chumvi nyingi."

"Haiwezekani," alisema Glenda.

"Sikuuliza kama inawezekana. Nimekwambia chumvi ni nyingi. Na siagi umeiunguza."

"Ulimi wako umezeeka, mzee."

"Umezeeka, ndiyo, lakini haujafa. Onja mwenyewe."

"Nimeonja."

"Basi umeonja na nini? Na kisigino?"

Waliokaa karibu walicheka. Glenda alichukua ile sahani, akaumwaga mkate kwenye pipa, akamtengenezea mwingine kwa hasira. Alijua mzee anasema kweli. Alikuwa akiongeza chumvi kwa sababu chumvi ndiyo pekee iliyomjibu. Alipompa ule wa pili, Royce aliula wote hadi ukingo wa mwisho, na hilo likamkera kuliko yale maneno.

Yaliyotokea wiki mbili baadaye hayakuwa mzaha.

Friji ya chini ya kaunta mpira wa mlango wake ulikuwa umechakaa, baridi ikivuja. Phil alikuwa ameahidi kuubadilisha, akasahau, akaahidi tena. Nyuma kabisa, nyuma ya mayonezi, kulikuwa na bakuli la nyama iliyochambuliwa tangu Jumapili. Jumanne saa sita foleni ilikuwa imefika barabarani, Glenda akaingiza mkono, akatoa bakuli la kwanza alilolishika, akafungua kifuniko. Zamani, kufungua na kunusa vilikuwa kitendo kimoja kwake. Siku hiyo alifungua tu. Nyama ilikuwa nyeupe na nyekundu, nzuri kwa macho. Akajaza mikate miwili, akamwaga siagi, akaisukuma mikate: mmoja kwa Royce, mwingine kwa kijana wa kike mjamzito aliyeketi karibu naye.

Royce aliinua gando kwa uma. Likafika usawa wa masharubu yake, likasimama hapo. Kisha alinyoosha mkono wake mkubwa akaufunika mkate wa jirani yake.

"Usile hicho, mama."

"Kuna nini?" aliuliza yule dada.

"Glenda!" Sauti ya Royce ilikuwa ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za injini. "Njoo unuse hii."

Glenda alikuja, akauchukua ule uma. Viti kumi na kimoja vilimtazama, na foleni nayo ikanyoosha shingo. Aliliinua gando puani, akavuta pumzi ndefu, na akapata kile kile alichopata kila asubuhi kitandani, yaani hewa.

Angeweza kusema kweli wakati huo. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakusema. Alichosema ni, "Liko sawa."

Royce alimtazama. Alikuwa amekunja uso tayari kugomba, na ule mkunjo ukafunguka polepole, uso wake ukabaki wazi kama mtu aliyefungua mlango asioutarajia.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Husikii."

Phil alikuwa ameshatoka jikoni. Alichukua sahani, akaiinua, akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kibao. "Inanuka kama mkojo wa paka!" alisema, akasahau wateja wanasikia. Kisha akakumbuka, akawaomba radhi, akawasimamisha wote, akafunga mlango saa sita na nusu ya mchana wa Julai, jambo ambalo baba yake hakulifanya hata siku ya kimbunga. Yule dada mjamzito hakuwa ameuma hata kidogo. Aliondoka ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, kwa hofu tu, na Glenda aliiona ile mikono hadi ilipopotea mtaani.

Wakabaki wawili nyuma, kati ya masufuria.

"Tangu lini?" aliuliza Phil.

"Februari."

"Februari! Glenda, miezi mitano unawapa watu chakula usichokinusa?"

"Na wewe miezi mingapi unaahidi kubadilisha mpira wa friji?"

"Usinigeuzie. Yule alikuwa mjamzito."

"Nilimwona!" Glenda alipiga meza kwa kiganja, vifuniko vikaruka. "Unadhani sikumwona? Unataka nikwambie nini? Kwamba nilikuwa naogopa? Ndiyo, nilikuwa naogopa. Mimi hapa ni nini bila pua? Baba yako hakuniajiri kwa uzuri wa sura."

Phil alikaa juu ya kreti. Kisha akasema kuanzia kesho Glenda atakaa kwenye mashine ya kupokea oda, na kwamba si adhabu, na kwamba samahani kuhusu friji. Glenda akasema kama si adhabu basi ni nini. Phil alianza kumwaga mabakuli.

Aliyewekwa kwenye siagi aliitwa Duane Libby, mwanamume mpole wa miaka arobaini aliyetoka kupika kwenye mkahawa wa shule. Duane alikuwa msikivu, msafi, mwenye pua nzima, na siagi yake ilikuwa haina maana. Glenda aliijua bila kuionja. Aliketi kwenye mashine, akawauliza wageni majina yao, akayaita kwa sauti, na nyuma yake alisikia siagi ikiondolewa motoni mapema, kila mara, kila siku. Alikuwa kama mtu anayemsikiliza mwenzake akiimba kwa sauti iliyopotoka na haruhusiwi kugeuka.

Royce alivumilia Jumanne mbili. Ya tatu alikuja moja kwa moja kwenye mashine.

"Utakaa hapo mpaka lini?"

"Muulize bosi."

"Nakuuliza wewe. Nina mlo mmoja kwa wiki ninaoutamani, mmoja, na umeniachia huyu bwana wa uji wa shule."

"Nakusikia, mzee," alisema Duane kutoka jikoni.

"Ndivyo nilivyokusudia." Royce alimgeukia Glenda tena. "Siagi yako ulikuwa unaipika kwa pua tu?"

"Kwa kitu gani kingine?"

"Mimi nilikuwa naijua injini mbovu kwa masikio. Masikio yamedhoofika, sasa naweka kiganja juu yake. Usinitazame hivyo, sikupi mawaidha. Nina njaa."

Glenda alimwambia atoe oda au aondoke, watu wanasubiri. Lakini Royce alipokwenda kuketi, nyuma yake Duane alitia siagi kwenye sufuria, na kwa mara ya kwanza Glenda alisikiliza kwa makusudi. Siagi ilianza kupiga kelele, maji yake yakitoka, ikitetema na kurusha matone. Kelele zikapungua. Hapo ndipo Duane alipoinua sufuria.

"Irudishe," alisema Glenda bila kugeuka.

"Nini?"

"Rudisha motoni! Bado inaongea. Iache inyamaze."

Duane akairudisha. Ilinong'ona, ikanong'ona, ikanyamaza. Glenda akahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nne, kwa mwendo ule ule ambao mkono wake ulikuwa umeujua miaka yote bila kumwambia. "Sasa!" Duane akaiondoa, akainusa, akasema taratibu neno moja ambalo hawalisemi mbele ya wanafunzi.

Royce aliula mkate wake kwa mpangilio wake. Hakusifu. Alirudisha sahani tupu mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Phil alimrudishia sufuria mwezi wa Agosti, kwa masharti ambayo Glenda aliyaandika yeye mwenyewe na kuyabandika juu ya friji mpya: hakuna bakuli linalofunguliwa bila Duane au Phil kunusa, na chumvi hupimwa kwa kijiko. Ungedhani hapo moyo wake ungetulia. Haukutulia. Kila Duane alipoinamia bakuli na kusema "salama," Glenda alihisi kama kipofu anayevushwa barabara na jirani: alishukuru, na alitamani kumpiga kiwiko.

Septemba harufu ilianza kurudi, na ilirudi imepinda. Sabuni ilinuka mpira unaoungua. Kahawa ilinuka mpira unaoungua. Aliketi kwenye kiti cha mwisho, saa nane na nusu, akauma mkate wake wa kambakoche kwa matumaini ambayo hakutaka kuyakiri, na ukawa ni tairi lililochomwa mtaani. Aliutema kwenye karatasi. Alipopiga simu zahanati, muuguzi alimwambia kwa furaha, "Hiyo ni dalili nzuri sana, mama, mishipa inaota upya!"

"Njoo uile wewe hiyo dalili nzuri," alisema Glenda, akakata simu. Kisha akalia, amesimama kati ya friji na ukuta, kwa dakika moja hivi, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na dakika moja ndiyo aliyokuwa nayo.

Akaacha kula pale. Mchana alikula yai la kuchemsha na tufaha, mgongo ukiwa umeielekea kaunta.

Ilikuwa katikati ya Novemba, wageni wameshaondoka, mvua ya baridi inapiga dirisha, na kwenye kaunta wako watu watano tu, wote wa mjini. Glenda alikuwa akipanga mikate mitupu kwenye bamba la moto, ubavu mmoja kisha mwingine, siagi nyembamba tu, kazi anayoifanya akiwaza mambo mengine. Mkono ukasimama. Aliinama. Akainama zaidi, hadi mvuke ukamgusa kidevu.

Ulikuwa mkate. Si tairi. Mkate uliokaushwa kwa siagi, wenye ile harufu ya utamu kidogo kwenye kingo zinapoanza kuwa kahawia.

Alichukua mmoja kwa vidole, ukamuunguza, akauma. Akachukua wa pili. Kambakoche alikuwa pale kando, amerundikwa kwenye bakuli ambalo Duane ameshalinusa, na Glenda alijua akimgusa atamkuta bado ananuka moto wa takataka, labda hadi masika, labda hadi siku zote. Hakumgusa. Alikula mkate mtupu wa tatu.

"Glenda," alisema Phil kutoka mlangoni, "hiyo ni ya watu. Wanasubiri."

Alitafuna, akameza, akanyoosha mkono kuchukua wa nne.

"Wasubiri," alisema.